Maswali ya Wasomaji: Sumu ya Nyoka Ilitoka Wapi, na Hufanya Nini Mwilini?

Mvua ya masika imerudisha nyoka katika mazungumzo ya Nairobi. Barua nyingi tulizopokea zinatoka mitaa ya pembezoni, Ruai, Kitengela, Syokimau na Ongata Rongai, ambako nyumba zinajengwa juu ya ardhi iliyokuwa malisho ya ng'ombe hadi miaka michache iliyopita. Nyingine zimeandikwa na watu wanaoishi mjini lakini wana wazazi na ndugu Kitui, Baringo au Kilifi, ambako kuumwa na nyoka ni hatari inayojulikana katika kila boma. Nimezijibu kwa urefu tofauti, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani kwa uzito. Ninamwomba msomaji mwenye haraka asiruke swali la kwanza hata kama anaona ni la darasani, kwa sababu jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini dawa iliyomwokoa mtu mmoja inaweza kushindwa kumwokoa jirani yake.

Mwalimu wetu wa bayolojia alituambia kwamba sumu ya nyoka ilitokana na mate. Inawezekanaje mate yageuke kuwa kitu kinachoua ng'ombe? Na mbona nyoka wengine hawana sumu kabisa?
*Mwanafunzi wa kidato cha nne, Kasarani*

Mwalimu wenu amesema kweli, nami nitaongeza sehemu ambayo huenda muda wa kipindi haukumruhusu kuifikia. Tezi za sumu, ambazo ziko nyuma ya macho pande zote mbili za kichwa, zina asili moja na tezi nyingine za mdomoni zinazotoa majimaji ya kulainisha chakula. Hata hivyo, jambo kubwa si tezi bali ni kile kinachotengenezwa ndani yake. Ukikausha sumu ya nyoka, sehemu kubwa kabisa ya kinachobaki ni protini, na nyingi kati ya protini hizo zina ndugu zake katika miili ya wanyama wa kawaida, ukiwemo mwili wako wewe.

Mabadiliko yenyewe huanza na kosa dogo la unakili. Chembe inaponakili jeni zake, mara mojamoja jeni fulani hujikuta imeandikwa mara mbili. Nakala ya kwanza huendelea na kazi yake ya siku zote, na ya pili hubaki bila jukumu, hivyo kwamba mabadiliko yakitokea ndani yake hayamdhuru mnyama. Ikiwa nakala hiyo ya pili itaanza kufanya kazi katika tezi ya mdomoni, na protini inayotoka humo ikawa inamlegeza panya au mjusi hata kwa kiasi kidogo tu, nyoka mwenye jeni hiyo atapoteza windo chache kuliko wenzake, atakula vizuri zaidi, na ataacha watoto wengi zaidi. Kizazi baada ya kizazi, kwa mamilioni ya miaka, jeni hiyo hunakiliwa tena na tena, na kila nakala huchukua njia yake.

Chukua mfano wa kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi A2. Kongosho lako hutoa kimojawapo cha aina hiyo ili kuvunja mafuta ya chakula tumboni. Katika sumu za jamii ya swila na jamii ya kifutu kuna ndugu zake, na hao huvunja mafuta yanayounda kuta za chembe za misuli. Mfano mwingine ni wa nyoka wafukuaji wa jenasi ya Atractaspis, ambao wako Kenya pia. Sumu ya baadhi yao ina protini fupi ziitwazo sarafotoksini, ambazo zinafanana mno na endothelini, kemikali ambayo mishipa yako ya damu huitengeneza yenyewe ili kujibana inapohitajika. Sumu inaweza kutudhuru kwa wepesi hivi kwa sababu ilitokana na vitu ambavyo miili yetu tayari inavitambua na kuvitii.

Sasa, kinachoamua sumu iwe ya namna gani ni chakula cha nyoka. Kuna nyoka wadogo wa jamii ya kifutu, wa jenasi ya Echis, wanaopatikana kaskazini mwa Kenya na katika nchi nyingi kavu za Afrika na Asia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba spishi za Echis zinazokula nge kwa wingi zina sumu inayoua nge kwa ufanisi zaidi kuliko sumu ya jamaa zao wanaotegemea mawindo mengine. Upande wa pili yuko nyoka wa baharini wa Asia na Australia aitwaye Aipysurus eydouxii, ambaye alihamia kula mayai ya samaki. Mayai hayakimbii wala hayapigani, na kwa hiyo meno yake na tezi zake zimedhoofika, na jeni ya sumu yake kuu imeharibika bila hasara yoyote kwake. Kutengeneza protini hugharimu nguvu ya mwili, na kisichotumika hakilindwi. Ndiyo maana chatu, anayeua kwa kubana, na nyoka mla mayai wa jenasi ya Dasypeltis, hawana sumu ya kumdhuru mtu.

Mawindo na maadui nao hawakukaa tu wakisubiri kufa. Nguchiro na nyegere wana mabadiliko madogo katika vipokezi vya misuli yao, pale hasa ambapo sumu ya swila hushikamana, na kwa sababu hiyo sumu hiyo huwaathiri kwa shida. Nyoka anapokabiliana na windo lililoanza kuzoea, sumu yake huendelea kubadilika. Mashindano hayo hayajaisha, na ndiyo sababu sumu ya spishi moja inaweza kutofautiana kutoka eneo moja hadi jingine.

Mdogo wangu aliumwa na nyoka mguuni akitembea usiku huko kwetu Kitui. Mguu ulivimba hadi pajani na akalazwa kwa wiki kadhaa. Mwaka uliofuata kijana wa jirani aliumwa, hakuvimba hata kidogo, na alifariki kabla ya mapambazuko. Watu wakasema huo si nyoka, ni uchawi. Je, inawezekana?
*Mama wa watoto watatu, Syokimau*

Pole sana, dada yangu, kwa yaliyompata mdogo wako, na poleni kwa msiba wa jirani. Hakukuwa na uchawi. Unavyoeleza, hao walikuwa nyoka wawili wa jamii tofauti, na sumu zao zilishambulia sehemu tofauti za mwili.

Mdogo wako yaelekea aliumwa na kifutu, yule nyoka mnene, mvivu, ambaye hulala njiani jioni na huamini rangi yake kuliko kukimbia. Sumu yake ina vimeng'enya vinavyokatakata protini zinazoshikilia kuta za mishipa midogo ya damu. Majimaji huvuja kutoka kwenye mishipa na kuingia katika nyama, mguu hufura, malengelenge hutokea, na nyama iliyo karibu na jeraha inaweza kufa na kuoza. Mgonjwa anaweza kupoteza majimaji mengi kiasi cha shinikizo lake la damu kushuka vibaya, ingawa haoni damu ikitoka nje. Wengi hupona, lakini kuna wanaokatwa mguu au kubaki na kovu linalokunja goti lisinyooke tena.

Kijana wa jirani yaelekea aliumwa na koboko, au na swila asiyetema. Sumu za nyoka hawa zina protini ndogo zinazofika haraka mahali ambapo mshipa wa fahamu unakutana na msuli. Kwa kawaida neva hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, nayo hushikamana na vipokezi vya msuli ili msuli ujikunje. Sumu huvikalia vipokezi hivyo, amri isifike. Koboko huongeza jingine: ana protini ziitwazo dendrotoksini, ambazo huifanya neva itoe asetilikolini kupita kiasi, na kwa hiyo mgonjwa anaweza kuanza kwa kutetemeka misuli kabla ya kulegea. Dalili ya mapema ambayo kila mzazi anapaswa kuijua ni kope: mgonjwa hushindwa kuyafungua macho sawasawa na huonekana kama mwenye usingizi. Baadaye huona vitu viwiliviwili, hushindwa kumeza mate, sauti hubadilika, na mwisho misuli ya kupumua husimama. Jeraha lenyewe linaweza kuwa alama ndogo isiyovimba. Jambo linaloniumiza kila ninapolisikia ni kwamba mgonjwa wa namna hii mara nyingi bado anasikia na anaelewa yanayosemwa kando yake, na akipumuliwa kwa mkono au kwa mashine hadi sumu iishe nguvu, anaweza kuishi.

Kuna namna ya tatu, ambayo wasomaji wa Turkana na Baringo wanapaswa kuifahamu. Sumu ya Echis huamsha prothrombini, protini inayoanzisha mgando wa damu. Mtu angedhani damu yote itaganda, lakini kinachotokea ni kwamba migando midogo isiyo na manufaa hutengenezwa kote mwilini hadi malighafi ya mgando inakwisha. Baada ya hapo damu haigandi tena. Ufizi huvuja, kidonda cha zamani hufunguka, na hatari kubwa ni damu kuvuja ndani ya ubongo siku kadhaa baadaye, wakati familia imeshaamini kwamba mgonjwa amepona. Boomslang, nyoka wa kijani au wa kahawia anayeishi mitini, hufanya kazi inayofanana na hiyo, polepole. Karl Schmidt, mtaalamu wa nyoka wa Marekani, aliumwa na boomslang mchanga mjini Chicago mwaka 1957, akaliona jeraha kuwa dogo, akaendelea kuandika dalili zake mwenyewe, na siku iliyofuata akafariki kwa kuvuja damu.

Kipimo cha kutambua hali hii hakihitaji umeme, na hata zahanati ndogo inaweza kukifanya. Muuguzi huchukua mililita 2 hivi za damu kutoka mshipani na kuzitia katika mrija wa kioo ulio mpya au uliooshwa kwa maji tu na kukauka vizuri. Mrija husimamishwa mahali tulivu kwa dakika 20 bila kuguswa. Muda ukitimia, huinamishwa mara moja. Damu ya mtu mzima wa afya hubaki imeshikamana chini ya mrija. Damu ya aliyeathirika humiminika kama maji. Mrija ukiwa wa plastiki, au ukiwa umeoshwa kwa sabuni, damu inaweza kukosa kuganda hata kama mgonjwa hana tatizo, na kosa hilo dogo hupoteza dawa ya thamani. Baada ya dawa kutolewa, kipimo hurudiwa saa 6 baadaye, kwa sababu ini linahitaji muda kama huo kutengeneza upya protini za mgando.

Mimi nina umri wa kutosha kukumbuka mengi. Kwetu tulikuwa tukitumia jiwe jeusi la nyoka, tukichanja kwa wembe na kufunga kamba juu ya jeraha, na nimeona watu wakipona. Kwa nini siku hizi mnatukataza?
*Mzee, Ruai*

Shikamoo, mzee wangu. Sina shaka kwamba uliwaona wakipona, na ninaomba unisikilize kwa nini walipona.

Nyoka wengi wanaouma watu hawana sumu ya kudhuru. Hata wale wenye sumu kali, mara nyingi huuma bila kutoa sumu, kwa kuwa sumu ni ya kuwindia na nyoka hana faida kuimaliza kwa mtu asiyeweza kumezwa. Wagonjwa wa aina zote mbili watapona wakiwekewa jiwe, wakiwekewa majani, au wakiachwa tu. Jiwe lenyewe kwa kawaida ni kipande cha mfupa uliochomwa, chenye vitundu vingi, na hung'ang'ania ngozi yenye damu kwa sababu ya vitundu hivyo. Halina njia ya kuvuta protini ambazo zimeshaingia ndani ya nyama na kuanza kusafiri.

Wembe huongeza kidonda, na kwa mtu ambaye damu yake haigandi, chale ndogo inaweza kuvuja bila kukoma. Kamba iliyokazwa ndiyo inayonitisha zaidi. Sumu ya kifutu tayari inaharibu nyama, na ukiizuia mahali pamoja huku umekata damu safi isifike, mguu unaoza kwa sababu mbili badala ya moja. Tena kamba ikifunguliwa ghafla hospitalini, sumu iliyokuwa imezuiliwa huingia mwilini kwa pamoja. Kunyonya kwa mdomo, mafuta ya taa na kupiga jeraha kwa umeme wa betri navyo havisaidii.

Linalosaidia ni hili: mwondoe mgonjwa mahali nyoka alipo, mtulize, vua pete, saa, bangili na viatu kabla kiungo hakijavimba, kisha funga kiungo kwa ubao au fimbo kama unavyofunga mfupa uliovunjika, ili kisichezechezwe. Asitembee kama anaweza kubebwa. Kwenye bodaboda, akae katikati ya dereva na mtu wa kumshika kwa nyuma, kwa sababu anaweza kulegea njiani. Akianza kutapika au kulegea, alazwe kwa ubavu. Asipewe pombe, wala aspirini au dawa nyingine za maumivu zinazoweza kuongeza uvujaji wa damu. Mmoja wa familia apige simu hospitalini mapema kuuliza kama dawa ipo, kwani kufika hospitali isiyo nayo hupoteza saa zisizorudishika. Msimfukuze nyoka. Picha ya simu iliyopigwa kwa mbali inatosha, na hata nyoka aliyekatwa kichwa anaweza kuuma kwa muda baada ya kufa.

Wewe, mzee wangu, ndiye utakayesikilizwa bomani kuliko daktari yeyote. Ukisema mgonjwa apelekwe hospitali kwanza, atapelekwa.

Swila alimtemea mlinzi wetu machoni. Alipiga kelele kwa uchungu kuliko mtu aliyeumwa. Je, hiyo ni sumu ileile, na kwa nini inauma hivyo?
*Mwenye nyumba za kupangisha, Kitengela*

Ni sumu itokayo katika tezi zilezile, lakini imebadilika kwa kusudi lake. Uwezo wa kutema ulitokea mara tatu, kila mara peke yake: kwa swila wa Afrika, kwa swila wa Asia, na kwa nyoka wa kusini mwa Afrika aitwaye rinkhals. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba katika makundi yote matatu, fosfolipasi A2 niliyoitaja juu hushirikiana na protini zinazotoboa chembe, na kwa pamoja huziamsha neva za maumivu kuliko kila moja ingefanya peke yake. Nyoka hatemi ili ale, kwa kuwa hakuna windo linalouawa kwa njia hiyo. Anatema ili kumwondolea mbali mnyama mkubwa, na silaha ya kujilinda inapaswa kuuma papo hapo. Baadhi ya watafiti hao wamependekeza kwamba mnyama mkubwa huyo alikuwa babu yetu wa kale, aliyesimama wima na kuweza kurusha jiwe au kutumia fimbo. Ninaiona dhana hiyo kuwa nzuri, ingawa bado ni dhana.

Kenya ina swila mkubwa kuliko watemaji wote duniani, Naja ashei, anayeishi pwani na katika maeneo makavu ya mashariki. Alitambuliwa rasmi kuwa spishi mpya mwaka 2007 na akapewa jina la James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Watamu. Akikamuliwa, meno yake yakitoboa utando uliofunikwa juu ya bilauri, majimaji ya manjano hutiririka kwa wingi unaoshangaza kwa mtu aliyezoea kusikia sumu ikitajwa kwa matone.

Mlinzi wenu, au yeyote atakayetemewa, aoshwe macho mara moja kwa maji mengi yanayotiririka, huku kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole. Maji yakikosekana, maziwa yanafaa. Asiyasugue. Kisha apelekwe kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, kwani kioo cha jicho kikichubuka na kuingiwa na vijidudu anaweza kupofuka. Sumu ikibaki machoni tu, hahitaji sindano ya antivenomu, yaani dawa ya kuizima sumu ya nyoka mwilini.

Mjomba wangu aliumwa akapewa dawa ya nyoka hospitalini, lakini hakupata nafuu. Kwa nini hakuna dawa moja ya nyoka wote, kama ilivyo chanjo moja ya pepopunda?
*Mfanyakazi wa duka la dawa, Umoja*

Pepopunda husababishwa na sumu ya aina moja, ya kijidudu kimoja. Nyoka wana sumu ambazo, kama nilivyomweleza mwanafunzi wa Kasarani, zilichongwa kila moja kivyake na mawindo yake. Hapo ndipo ugumu wote unapoanzia.

Antivenomu hutengenezwa kwa kumchoma farasi au kondoo kiasi kidogo cha sumu, kisha kuongeza polepole, hadi damu yake ijae kingamwili zinazoishika sumu hiyo. Damu hutolewa, kingamwili hizo husafishwa na kuwekwa katika chupa. Albert Calmette wa Ufaransa alikuwa mmoja wa waliofanikiwa kwanza, katika miaka ya 1890, akitumia sumu ya swila wa Asia. Aliamini dawa yake ingefaa kwa nyoka wengi. Miaka michache baadaye daktari wa Brazil, Vital Brazil, alionyesha kwamba dawa hiyo haikuwasaidia walioumwa na nyoka wa nchi yake, na akaanza kutengeneza nyingine kwa sumu za nyoka wa huko.

Inasikitisha kwamba Afrika imelazimika kujifunza jambo hilo upya kwa gharama ya maisha. Katika utafiti uliofanywa mashambani nchini Ghana na kuchapishwa mwaka 2008, antivenomu iliyokuwa ikitumika ilibadilishwa na kuletwa nyingine, iliyotengenezwa Asia, ambayo haikuoana na sumu ya Echis wa hapo. Vifo vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi asilimia 12.1 ya wagonjwa. Chupa ilikuwa na jina sahihi, muuguzi alifanya kazi yake, na bado mgonjwa alikufa. Kwa upande mwingine, kampuni ya Sanofi iliacha kutengeneza dawa yake iliyofaa kwa nyoka wengi wa Afrika mwaka 2014, kwa sababu haikulipa, na chupa za mwisho zilikwisha muda mwaka 2016. Wanaoumwa na nyoka ni wakulima, wafugaji na watoto wao. Hakuna soko linaloharakisha kuwahudumia.

Siwezi kusema ni kipi kilichotokea kwa mjomba wako bila kujua alichoumwa nacho. Huenda dawa haikuwa ya nyoka huyo: kwa mfano, Atractaspis, anayeuma kwa jino moja linalochomoza pembeni mwa mdomo, hana antivenomu inayomfaa katika dawa zinazotumika kwetu. Huenda alichelewa, kwa kuwa kingamwili hushika sumu inayozunguka lakini hazifufui nyama iliyokwisha kufa. Huenda alipewa chupa chache. Hili la mwisho ningependa wewe wa duka la dawa uwaeleze wateja wako: mtoto hupewa kiasi kilekile anachopewa mtu mzima, kwa sababu nyoka hakumpunguzia sumu kwa kuwa ni mdogo. Antivenomu ni protini ya mnyama mwingine na inaweza kuleta mzio mkali wa ghafla, ndiyo maana hutolewa hospitalini, adrenalini ikiwa tayari, wala haifai kuuzwa dukani.

Shirika la Afya Duniani liliiweka athari ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu kufikia mwaka 2030. Linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani, na waliobaki na ulemavu ni karibu mara tatu ya hao. Hapa kwetu, Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyoko Karen ina kituo kinachochunguza sumu za nyoka wa Kenya, ili dawa zijaribiwe dhidi ya sumu hizo kabla ya kujaribiwa juu ya wagonjwa.

Ni kweli kwamba dawa yangu ya presha ilitokana na nyoka?
*Mama, Buruburu*

Ni kweli, mama, kwa maana fulani. Sumu ya Bothrops jararaca, nyoka wa Brazil, hushusha ghafla shinikizo la damu la windo lake. Mwaka 1965 Sérgio Ferreira wa Brazil alichapisha habari za protini fupi katika sumu hiyo zinazosaidia mwili kulegeza mishipa. Wanakemia wa Marekani waliziiga na kuunda kidonge cha kaptopril, kilichoidhinishwa mwaka 1981. Enalapril na lisinopril, ambazo huenda mojawapo iko mkobani mwako sasa, ni za ukoo huohuo. Hakuna sumu ndani yake. Kilichochukuliwa ni mfano wa umbo. Dawa mbili za kuzuia damu kuganda kwa wagonjwa wa moyo, eptifibatidi na tirofiban, nazo zilibuniwa kwa kuiga protini za sumu za nyoka. Endelea kumeza dawa yako bila hofu.

Kutoka kwetu hadi hospitali yenye dawa ni mwendo wa saa nyingi. Je, hakuna kidonge ambacho mtu angeweza kumeza nyumbani kwanza?
*Kijana wa Baringo anayeishi Kawangware*

Swali lako ndilo linalowashughulisha watafiti wengi kwa sasa, na lina matumaini ya kweli. Vimeng'enya vya Echis vinavyovuruga mgando na kutoboa mishipa haviwezi kufanya kazi bila madini ya zinki. Iko dawa ya kumeza iitwayo unithiol, ambayo imetumika kwa miaka mingi kutibu watu walioathiriwa na sumu ya zebaki na aseniki, na ambayo hunyang'anya vimeng'enya hivyo zinki yake. Imejaribiwa Kilifi kwa watu wazima wenye afya ili kupima usalama na kiasi kinachofaa. Dawa nyingine, varespladib, huzuia fosfolipasi A2, na imejaribiwa kwa wagonjwa Marekani na India. Mwaka 2024 watafiti walionyesha pia kwamba heparini, dawa ya bei nafuu ambayo hospitali nyingi tayari zinayo, inaweza kupunguza kuoza kwa nyama kunakosababishwa na sumu ya swila watemaji. Hayo yalionekana kwa panya, na mtu asiijaribu mwenyewe, kwa sababu heparini huzuia mgando, na kwa aliyeumwa na Echis ingeweza kumuua.

Kidonge cha namna ya unithiol kikithibitishwa, kitamezwa nyumbani, kisha safari ya hospitali iendelee, kwa kuwa lengo lake ni kupunguza madhara njiani. Kila kimojawapo kitafaa kwa aina fulani ya sumu tu. Unithiol haitamsaidia aliyeumwa na koboko, kwani protini zinazopooza misuli yake hazitegemei zinki. Huyo ataendelea kuhitaji antivenomu na mashine ya kupumulia, na hospitali ya kaunti iliyo karibu naye inapaswa kuwa na vyote viwili.